Tarumbeta la Mama Maji

Jumapili moja kabla ya Krismasi, Mwikali Nzomo alisimama mbele ya kanisa lao dogo mjini Garissa, tarumbeta mkononi, na kabla waumini hawajamaliza ubeti wa pili alikuwa ameshaketi.

Mpiga kinanda wao alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Isiolo wiki mbili nyuma. Mchungaji Lazarus akatangaza kwamba nyimbo za sikukuu zitaimbwa kwa makofi tu, isipokuwa kama kuna mtu anayejua kupiga ala yoyote. Mwikali akainua mkono. Hakudanganya. Alijifunza tarumbeta akiwa darasa la sita kwao Kangundo, katika bendi ya kanisa, akalipiga kwenye harusi, mazishi na maandamano ya Pasaka hadi alipofika umri wa miaka thelathini na miwili. Kisha akazaa binti, kisha akapata kazi katika maabara ya maji Garissa, mumewe Mbithi akibaki Mwingi anakofundisha, na tarumbeta likaingia chini ya kitanda. Lilikaa huko miaka kumi na minne.

Alipoinua mkono aliamini kwamba alichokijua bado anakijua. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri, hata watu wakageuza shingo. Wa pili ukayumba. Kwenye wa tatu pembe za mdomo zilianza kutetemeka, hewa ikavuja pembeni kama mpira uliopata msumari. Akalikandamiza tarumbeta kwenye midomo ili sauti isitoroke. Sauti ikapanda kidogo, ikakatika. Alipojaribu tena ilitoka pumzi tupu. Mchungaji akaanza kupiga makofi haraka haraka, waumini wakamfuata, na Mwikali akakaa chini akipangusa mate kwa leso, macho yakiwa sakafuni.

Baada ya ibada Mchungaji alimngoja mlangoni. "Dada Mwikali, usihuzunike. Bwana huangalia moyo."

"Moyo haukuwa na shida, Mchungaji," Mwikali akamjibu. "Ni midomo."

Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alimpigia simu Mwalimu Koome. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi yao Kangundo, mzee wa Kimeru ambaye sasa alikuwa anakaribia miaka themanini na kuishi Machakos kwa mwanawe. Sikio moja lilikuwa limepungua nguvu lakini lile lingine, kama alivyopenda kusema, lilikuwa linafanya kazi ya mawili.

"Umeliacha miaka mingapi?" mzee akauliza.

"Kumi na minne."

"Na ukasimama mbele za watu bila kupiga nyumbani hata siku moja?"

"Nilipiga jana yake. Dakika kumi."

Koome alicheka hadi akakohoa. Kisha sauti yake ikawa ile ya zamani, ya mazoezini. "Midomo ni nyama, Mwikali. Mtu aliyelala kitandani miaka kumi na minne humpi gunia abebe. Unamshika mkono atembee hadi mlangoni, halafu unamrudisha. Mpaka nitakapokuambia, sitaki kusikia wimbo. Utapiga midomo mitupu, iteteme tu. Halafu kile kidomo cha tarumbeta peke yake. Halafu noti ndefu, moja moja, kwa sauti ya chini, mpaka pumzi iishe. Ukipiga dakika moja, unapumzika dakika moja. Na mkono wako ulegee. Tarumbeta halisukumwi mdomoni, linafuatwa na pumzi."

"Hayo yatachukua muda gani?"

"Una safari?"

Hakuwa na safari. Alijaza beseni maji ya vuguvugu na sabuni, akalilaza tarumbeta ndani yake kama mtoto mchanga. Vali zote tatu, zile za kubonyeza kwa vidole, zilikuwa zimekwama. Mafuta yake ya kawaida hayapatikani Garissa, kwa hiyo akanunua chupa ndogo ya mafuta ya cherehani kwa fundi wa nguo sokoni. Vali mbili ziliachia jioni hiyo. Ya tatu ilikataa hadi kesho yake.

Siku ya nne ya mazoezi, mwenye nyumba alibisha hodi. Mwikali alipanga mtaa wa Waberi, katika ua wenye vyumba vitano, na mwenye ua alikuwa Istahil, mama mfanyabiashara wa vitambaa ambaye kila mtu alimwita Mama Ifrah. Aliingia, akasalimia, akaulizia hali ya Wendy, binti wa Mwikali aliyekuwa shule ya bweni, akaulizia hali ya Mbithi, na baada ya kumaliza familia yote akatazama kila pembe ya chumba.

"Mama Wendy, hiyo ndama umeweka wapi?"

"Ndama gani?"

"Inalia tangu juzi. Nikasema, maskini, imekosa mama yake."

Mwikali aliona aibu, kisha akacheka, akamtolea tarumbeta. Istahil aliligusa kwa ncha ya shela yake, akalizungusha, akachungulia ndani ya mdomo wake mpana.

"Na kwa hii kitu, wewe unataka nini?"

"Nataka kupiga wimbo mmoja hadi mwisho."

Istahil alifikiri. "Basi sikiliza, dada yangu. Mimi sikatazi mtu kitu ndani ya nyumba yake. Lakini adhana ikilia, unyamaze. Hapo mlango wa nne kuna nesi wa zamu ya usiku, mchana analala. Na baada ya magharibi watoto wangu wanasoma Kurani."

Wakakaa wakihesabu saa kwa vidole. Walipoondoa adhana, na nesi, na Kurani, ilibaki saa moja tu ya asubuhi, kabla nesi hajarudi kutoka zamu, ambayo Mwikali alikuwa kazini. Wakatazamana, wakacheka wote wawili. Istahil akainuka akisema Mungu ataleta njia, na kwamba chai yake ilikuwa jikoni inachemka.

Njia ilikuwa palepale alipoikanyaga kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi gari la ofisi lilimshusha ukingoni mwa mto Tana, penye pampu zinazovuta maji kwenda kusafishwa. Kazi yake ilikuwa kuteka maji kwenye chupa ndogo za kupimia, kuandika saa, na kungoja gari lizunguke mitambo mingine kisha limrudie. Kungoja huko kulikuwa kwa zaidi ya nusu saa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akikutumia kutazama simu.

Kando ya pampu kulikuwa na shamba la Jelle. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mzaliwa wa Balambala, mfugaji tangu utotoni hadi ukame ulipommalizia ng'ombe na ngamia wote ndani ya msimu mmoja. Akashuka mtoni na mkewe Kaaha, akapanda migomba, mipapai na matikiti. Mwikali alisalimiana naye kila asubuhi kupitia ua wa miiba. Jelle hakujua jina lake. Alimwita Mama Maji.

"Adeer Jelle," Mwikali alimwita asubuhi hiyo kwa heshima, kwa lile neno la Kisomali la kumwita baba mdogo, "nina tarumbeta. Naweza kufanya mazoezi shambani kwako? Lina kelele."

"Biga tu," Jelle akasema. Herufi ya p na ile ya v hazikuwahi kukaa vizuri mdomoni mwake. "Huku nani analala? Mamba?"

Mwikali akaingia katikati ya migomba, akasimama wima, akavuta pumzi, akatoa noti ndefu ya kwanza. Ilikuwa mbaya. Ilianza kwa mkwaruzo, ikapinda katikati, ikafa kwa mlio kama wa mtu anayekanyagwa. Mikuyu ya ukingoni ikatikisika. Tumbili zaidi ya ishirini wakaporomoka kutoka matawini, wakavuka shamba mbio, wengine ndizi zikiwadondoka mikononi, wakatokomea upande wa juu wa mto.

Jelle alitokea na kombeo lake mkononi, mdomo wazi.

"Mama Maji! Umefanya nini?"

"Noti ndefu."

"Hiyo noti ndefu, kesho utafanya tena?"

Kumbe mzee alikuwa vitani. Alikuwa amejaribu kombeo, debe la kugonga, mbwa, na hata sanamu la majani alilolivisha kikoi chake mwenyewe, ambalo tumbili walilivua nguo siku ya tatu. "Hii wanyama imekula ndizi yangu miaka tano," alisema kwa uchungu. "Na leo imekimbia kama imeona simba. Kuja kila siku, wallahi. Kuja hata Jumabili."

Hivyo ndivyo mazoezi ya Mwikali yalivyopata utaratibu. Kuna asubuhi alizoamka mzito, hataki kusikia habari ya tarumbeta, lakini alijua kuna mzee anamngoja penye ua wa miiba akitazama mikuyu, na angemwambia nini? Akalibeba. Wiki ya kwanza noti moja ilidumu sekunde nane. Wiki ya pili kumi na tatu. Alirudi kwenye gari na chupa zake za maji, midomo ikimwasha kidogo, akiwa na furaha ambayo dereva hakuielewa.

Wiki ya tatu alijisahau. Ilikuwa Jumamosi, hakuna gari la kumfuata, na Jelle alikuwa na mikungu kumi iliyokaribia kukatwa. Tumbili walikuja makundi kwa makundi. Mwikali alipiga noti ndefu, akapiga ngazi ya do re mi, akaingia kwenye nyimbo alizokatazwa, saa moja na nusu bila kupumzika. Alijisikia kijana. Kesho yake mdomo wa juu ulikuwa umevimba, na alipoweka kidomo hakusikia chochote, kama nyama ile ni ya mtu mwingine. Siku nane hakutoa sauti yoyote ya maana.

"Ulipumzika?" Koome akauliza kwenye simu.

"Tumbili walikuwa wengi, Mwalimu."

"Tumbili gani?"

Akamweleza.

"Nimefundisha bendi miaka arobaini," mzee akasema. "Watu wamenipa sababu za kila aina. Hiyo bado nilikuwa sijapewa."

Hata hivyo akamwambia, uvimbe ukiisha, aanze tena na dakika kumi, na ampigie akiwa shambani. Mwikali akaibana simu penye panda ya mpapai, akapiga noti tano.

"Unavuta hewa kifuani," Koome akasema. "Nasikia mabega yako yakipanda."

"Mwalimu, mabega hayasikiki."

"Yalipanda, hayakupanda?"

"Yalipanda."

"Lala chini chali. Weka kitu kizito kidogo tumboni. Ukivuta pumzi kipande, ukitoa kishuke. Kifua kisijue kinachoendelea."

Akatandika gunia chini ya mgomba, akalala, akaweka chupa mbili za maji ya mto juu ya tumbo, akafumba macho. Chupa zikapanda, zikashuka. Alikuwa amefika pumzi ya kumi hivi aliposikia kilio. Kaaha, mkewe Jelle, alikuwa amekuja kuchuma mapapai.

"Jelle! Jelle! Mama Maji amekufa!"

Mwikali akaruka, chupa zikamwagika, Kaaha akapiga kelele zaidi kwa kuona maiti imeinuka. Ilibidi Jelle aje awatenganishe na hofu yao. Alipoelezwa kwamba ni zoezi la kupumua, Kaaha alimtazama Mwikali kwa huruma kubwa.

"Umri huu," aliuliza kwa Kiswahili chake kidogo, "na kupumua hujui?"

Lakini lile zoezi lilifanya kazi. Ndani ya wiki mbili Mwikali alianza kuhisi pumzi ikitoka chini kabisa, penye mshipi, na midomo ikabaki na kazi yake tu ya kutetema. Mkono ulilegea wenyewe. Ile alama nyekundu ya duara iliyokuwa ikibaki juu ya mdomo kila asubuhi, ambayo wenzake wa maabara walimtania nayo, ikapungua hadi ikawa kivuli.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Mwikali alimuuliza Jelle kama asimamishe mazoezi. Aliona si vizuri kupuliza kelele karibu na mtu aliyefunga.

"Tumbili imefunga?" Jelle akauliza.

"Hapana."

"Basi endelea."

Aliendelea, lakini hakunywa maji mbele yake. Jua la Machi lilikuwa kali tangu saa moja asubuhi, shaba ikachoma vidole, midomo ikakauka na kupasuka. Alijifunza kupaka mafuta ya simsim jioni, na kupiga kwa sauti ndogo, ndogo kabisa, kwa sababu midomo mikavu haivumilii nguvu. Koome alifurahi aliposikia. Alisema kupiga kwa nguvu kila mwehu anaweza, kazi ni kupiga polepole sauti isife. Siku ya Idi Kaaha alimletea sahani ya halwa hadi penye pampu, na Istahil naye akamletea nyingine nyumbani, na Mwikali akala zote mbili bila kumwambia mtu.

Mwishoni mwa Aprili mvua zikapiga milimani. Mto ukabadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa, halafu kama tope la ufinyanzi. Kwenye kituo cha kusafishia maji kila mtu alifanya kazi zamu mbili. Mwikali alipima tope kila baada ya saa moja, akapima klorini, akabishana na watu wa mitambo kuhusu kiasi cha shabu, dawa ya kutuliza tope, cha kuongeza. Alilala akiwa amevaa viatu. Tarumbeta lilibaki kwenye kasha siku kumi na sita. Kila alipolipita moyo ulimuuma, si kwa hamu tu bali kwa woga. Aliona miezi minne ikienda na maji.

Maji yalipotulia alirudi shambani. Mto ulikuwa umemeza safu mbili za matikiti, migomba ilisalimika. Siku ya kwanza alipiga kama mgonjwa. Ya pili vilevile. Siku ya nne, katikati ya noti, alihisi pembe za mdomo zikikaa mahali pake zenyewe, na alipotazama saa ilikuwa sekunde ishirini na mbili. Zaidi ya alipoachia.

"Njia iliyokwisha kukanyagwa haikawii kuonekana," Koome akamwambia. "Sasa unaweza kupiga nyimbo."

Akaanza nyimbo. Asubuhi ya kwanza alipiga wimbo wa taratibu wa kanisani, wenye beti tatu, na alipomaliza alimkuta Jelle amesimama mikono kiunoni, akitazama juu kwa masikitiko.

Tumbili walikuwa pale pale. Hawakukimbia. Walikuwa wamekaa kwenye matawi, wazima kwa watoto, mikia ikining'inia, wakimtazama Mwikali.

"Unaona?" Jelle akasema. "Zamani ulikuwa unabiga fibaya, inakimbia. Sasa unabiga fizuri, inakaa kusikiliza. Mimi sasa nifanye nini?"

"Nipige vibaya?"

"Unaweza?"

Mwikali alijaribu. Akakunja mdomo, akakaza mkono, akakoroma kadiri alivyoweza. Lakini haikuwa na ukweli wowote ndani yake, na wasikilizaji walijua. Tumbili mmoja mkubwa akashuka hadi kwenye mgomba wa karibu, akachuma ndizi, akaimenya na kuila huku akimkodolea macho. Jelle alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini juu ya mtaro wa maji, kombeo likamtoka mkononi.

"Basi, Adeer, sitakusumbua tena," Mwikali akasema alipopata nafasi. "Sina faida kwako sasa."

"Habana." Jelle akapangusa macho. "Kuja tu. Mimi nimezoea. Asubuhi bila hiyo kitu si asubuhi." Akaokota kombeo lake. "Hiyo tarumbeta inajua wimbo ya ngamia?"

Jelle hakuwa amewahi kumwomba wimbo. Mwikali akamwambia aimbe, atajaribu. Mzee akaona haya, akatazama nyumba kuona kama Kaaha yuko karibu, kisha akaanza kwa sauti ya chini. Ulikuwa wimbo wa kisimani, wa kuwanywesha ngamia, ambao kila ukoo wa wafugaji una wake. Mtu anashusha ndoo, anavuta, anamimina, na wimbo unakwenda na kamba. Ulikuwa na noti tano tu, zikizunguka na kurudi. Mwikali alizipata haraka, lakini Jelle hakuridhika.

"Habana. Ukibiga namna hiyo ngamia anaondoka. Unabumua mahali si yake."

"Nipumue wapi?"

"Ndoo ikishuka. Ikibanda, hakuna kubumua. Ukibumua maji inamwagika."

Akasimama, akaonyesha kwa mikono yake miwili, akivuta kamba isiyokuwepo. Mwikali akamtazama mikono, akapumua ndoo iliposhuka. Wimbo ukakaa. Ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda. Jelle akaimba juu yake, sauti yake ikapanda bila aibu sasa, na Kaaha akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni, akapiga makofi mepesi. Mwikali hakufikiri habari ya midomo. Honi ya gari la ofisi ilipomkatiza, alitazama saa akaona wamekwenda dakika kumi na moja.

"Wimbo unaishia wapi?" alimuuliza Jelle akifungua kasha.

"Haina mwisho. Ngamia ikishiba, ndiyo mwisho."

Mchungaji Lazarus hakuwa amemwambia chochote kuhusu tarumbeta tangu Desemba. Alikuwa mtu mwungwana na alidhani habari ile imezikwa. Wiki moja kabla ya Pentekoste Mwikali ndiye aliyemfuata ofisini.

"Nataka kujaribu tena."

Mchungaji akalitazama kasha, akautazama uso wake, akasafisha koo. "Wimbo mmoja?"

"Minne."

Jumapili ya Pentekoste aliamka mapema, akatetemesha midomo jikoni dakika tano akiwa ameweka mto mdomoni mwa tarumbeta ili majirani wasiamke, akapumzika. Kanisani hakukaza mkono. Wimbo wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili noti moja ya juu ilipasuka vibaya, watu wote waliisikia, naye akaivuka akaenda kwenye inayofuata kama mtu anavyoruka shimo njiani. Kwenye wa tatu alifanya alivyofundishwa na Koome: ubeti wa katikati akaliteremsha tarumbeta, akawaacha waumini waimbe peke yao, midomo ikapoa. Wa nne ulipofika alikuwa bado na akiba. Noti ya mwisho aliishikilia hadi sauti za watu zikaisha zote, ikabaki yake peke yake, imara, kisha akaiachia.

Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuyangoja. Walikuwa wameimba beti zote bila kugeuza shingo, na kwa mpigaji hiyo ndiyo sifa. Baada ya ibada mzee mmoja wa safu ya mbele alilalamika kwamba masikio yake bado yanavuma. Mwikali akamwomba radhi akitabasamu. Jioni Istahil alimuuliza wimbo umefika mwisho au haukufika.

"Minne imefika, Mama Ifrah."

"Mashaallah," Istahil akasema. "Sasa utaacha?"

"Hapana."

Istahil akatikisa kichwa, si kwa kukataa, akaenda kufunga lango.

Agosti Mwikali alichukua likizo akasafiri kwao. Makanisa ya Kangundo yalikuwa na mkutano mkubwa, na bendi ya zamani ilikuwa imeita kila mtu aliyewahi kupita ndani yake. Koome aliletwa na mwanawe, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, sikio lake zima likielekezwa kwa wapigaji. Alimsikiliza Mwikali dakika tatu, kisha akaelekeza kwa fimbo yake.

"Sauti ya tatu," akasema.

Sauti ya tatu haina sifa. Haipandi juu, haina mahali pa kung'ara, inapiga mfululizo chini ya zile nyingine mbili bila nafasi ya kupumzika. Hupewa mtu mwenye pumzi. Mwikali alichukua karatasi yake akaenda kusimama nyuma ya vijana wawili waliokuwa hawajazaliwa alipojiunga na bendi hiyo.

Waliandamana kutoka kanisani hadi uwanja wa shule, njia yenye mlima na vumbi, dakika arobaini na zaidi. Wawili kati ya wale wa zamani walitoka njiani wakishika midomo. Mbithi, aliyekuja kutoka Mwingi, alitembea kando ya barabara akiwa amebeba mkoba wa mkewe, na Wendy alikuwa anarekodi kwa simu huku akipiga kelele, "Mum, unawaka!" Mwikali hakugeuka. Pumzi ilimwingia penye mshipi na kutoka, hatua kwa hatua, na bendi yote ilikuwa mbele yake na kumzunguka.

Walipofika uwanjani na kiongozi akashusha mkono, midomo ya Mwikali ilikuwa imechoka na bado ilikuwa yake. Akamwaga mate ya tarumbeta kwenye majani, akalipangusa kwa kitambaa, akaenda kwenye foleni ya kupakuliwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, pamoja na wenzake.